Majina ya Jamii za Mchezoni: Uhakiki wa Orodha Iliyotoka Shinyanga

Barua zinazofika kwenye meza ya istilahi kwa kawaida huomba maneno ya kazi. Mhandisi ataka jina la kipuri, hakimu ataka neno la sheria mpya, mwalimu wa kemia ataka kujua kama aandike hivi au vile. Barua tunayoijadili hapa yaomba majina ya viumbe wasiokuwako. Imetoka kwa mwalimu wa sekondari mkoani Shinyanga, ambaye wanafunzi wake wachache hukutana baada ya masomo kucheza mchezo wa Kimarekani uitwao Dungeons & Dragons. Ametuletea kurasa mbili za daftari, maneno ya Kiingereza upande wa kushoto na Kiswahili chake upande wa kulia, naye aomba tuseme lipi linafaa na lipi halifai. Mwishoni ameongeza swali moja ambalo halihusu tafsiri hata kidogo kwa mtazamo wa kwanza. Swali hilo ndilo lililotufanya tuiandikie orodha hii uhakiki mrefu badala ya kuijibu kwa mistari mitano.

Kwa wasomaji wasioujua, mchezo huu ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Hauna ubao wa lazima kama bao letu, ambalo Wasukuma huliita isolo, wala hauna mshindi. Watu huketi mezani, mmoja wao akawa msimulizi, na kila mmoja wa waliosalia akaongoza mhusika wake katika hadithi ambayo wote huitunga papo hapo. Jambo likiwa na mashaka, hurushwa dadu, na iliyo kuu kati ya dadu hizo ina nyuso 20. Mhusika hupimwa kwa uwezo wa aina sita, ambao mwalimu ameuita nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara na mvuto. Maneno hayo sita twayakubali yote bila nyongeza. Kazi yake hapo ni safi, na laiti orodha yote ingekuwa hivyo tusingekuwa na la kuandika.

Kabla mchezo haujaanza, mchezaji huchagua mhusika wake ni wa watu gani. Kitabu cha wachezaji kilichotolewa mwaka 2024 chatoa aina kumi. Mojawapo ni binadamu, na tisa ni za kubuni: wafupi wapendao mwamba, warefu wenye masikio ya ncha, wenye damu ya joka, wenye damu ya kuzimu, na kadhalika. Tatizo la kwanza la mfasiri ni jina la jumla la aina hizo. Kwa miaka hamsini hivi wenye mchezo walitumia neno ambalo kwa Kiingereza lina maana pia ya mashindano ya mbio, na ambalo katika siasa za dunia limebeba mzigo mzito. Mwezi Desemba 2022 kampuni ya Wizards of the Coast, mwenye mchezo, ilitangaza kuliacha, na toleo la 2024 likatumia neno la wanabiolojia, lile ambalo vitabu vyetu vya shule hulitafsiri spishi.

Mwalimu ameandika kabila. Twaelewa kwa nini. Ndilo neno la kwanza linalomjia mtu, kwani aina hizo zina lugha zao, desturi zao na nchi zao. Lakini katika mchezo huu, kwa muda mrefu, kila aina ilipewa tarakimu. Katika toleo la 2014 mmoja aliongezewa mbili katika ustahimilivu, mwingine mbili katika nguvu. Mwaka 2016 kitabu kimoja cha nyongeza kiliwapunguzia Waorki mbili katika akili, na upungufu huo ukaondolewa mwaka 2020 baada ya malalamiko ya wachezaji. Tukiliweka neno kabila juu ya safu ya tarakimu za namna hiyo, mtoto wa darasani atauliza, na ana haki ya kuuliza, Msukuma aongezewa ngapi na Mha apunguziwa ngapi. Utani wa makabila tunao, na una adabu zake za kale. Hauandikwi kitabuni kwa hesabu ya kujumlisha na kutoa. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwahesabu Watanzania kwa makabila. Hatuoni sababu ya mchezo wa mezani kuirejesha hesabu hiyo kwa mlango wa nyuma.

Rangi haifai, maana Katiba ya mwaka 1977 yalitumia neno hilo pale inapokataza ubaguzi, na mtu asiyependa kubaguliwa kwa rangi hapendi pia kucheza kwa rangi. Taifa lina bendera. Uzawa ulichafuliwa na mabishano ya biashara ya miaka ya tisini. Spishi ndiyo tafsiri nyofu ya neno jipya la wenye mchezo, na wasomaji wetu wa sayansi huenda wakaitetea. Sisi twaikataa kwa sababu moja: spishi ni neno la mtu aliyesimama nje akiwa na kioo cha kukuzia. Hakuna asemaye mimi ni wa spishi fulani, lakini katika mchezo huu kila mchezaji ni lazima aseme yeye ni wa watu gani.

Tumechagua jamii. Neno hili lina sifa ambayo hatukuitazamia tulipoanza kuyapima. Kiswahili husema jamii ya Wahadzabe, na husema pia wanyama wa jamii ya paka, bila mtu kushtuka katika matumizi yote mawili. Tofauti ya mwili na tofauti ya desturi zaingia katika neno moja, nalo halimpandishi mtu wala halimshushi. Twakiri kwamba jamii ina kazi nyingi mno tayari, kuanzia ustawi wa jamii hadi maarifa ya jamii, na mtu wa istilahi hapendi neno lenye kazi nyingi. Hata hivyo twaona afadhali neno lililochoka kuliko neno lenye sumu.

Jambo moja zaidi kabla hatujafika kwenye majina yenyewe. Katika toleo la 2024 tarakimu za kuongeza uwezo zimeondolewa katika jamii na kuwekwa mahali pengine, katika kipengele kielezacho mhusika alikuwa nani kabla ya hadithi kuanza: mkulima, askari, mwandishi, mlinzi. Mwalimu amekiita kipengele hicho asili. Hapana. Hilo lingerudisha mlangoni kile kilichotolewa dirishani. Mtu hazaliwi mlinzi. Twapendekeza malezi. Hapo msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kile ambacho wenye mchezo walikibadilisha: nguvu za mhusika hazitoki tena katika damu yake, zatoka katika maisha aliyoyaishi.

Sasa majina. Mwalimu ameanza na watu wafupi, wenye ndevu, waishio milimani na kuchimba madini, naye amewaita mbilikimo. Kamusi zamuunga mkono, kwani mfasiri yeyote akifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili atalikuta neno hilo. Nasi twasema kamusi hapa haina budi kuachwa. Mbilikimo, ambalo wengine hulifasili kuwa ni kimo cha mikono miwili, si jina la viumbe wa hadithi. Ndilo jina ambalo watu wa pwani waliwapa watu halisi, Wambuti wa msitu wa Ituri katika Kongo ya mashariki na ndugu zao Watwa wa Uganda, Rwanda na Burundi, na watu hao hawakuulizwa. Aidha tunao nchini mwetu wananchi wenye kimo kifupi, ambao wanalisikia neno hilo sokoni na kwenye basi. Mfasiri akiliandika katika mchezo, ameunganisha makundi mawili ya watu walio hai na kiumbe wa kubuni, kisha amempa kiumbe huyo shoka na kiu ya dhahabu.

Ipo tafsiri nyingine ambayo mwalimu ameiandika kwa penseli pembeni, kisha akaifuta, nasi tumeisoma kwa shida: mchimbaji mdogo. Tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Mtu wa Geita akisikia mchimbaji mdogo hafikirii urefu wa mwili. Udogo huo ni wa leseni. Mchimbaji mdogo aweza kuwa pande la mtu, ana duara lake Nyarugusu au Mgusu, ameweka matimba ili kuta zisimwangukie, mbale zake zapelekwa kwenye karasha na kisha mwaloni, na marudio yake huuzwa kwa mwenye kuyaosha tena. Maneno hayo yote hayakutoka katika ofisi ya istilahi. Duara, mwalo, marudio na rashi yalizaliwa au yalipewa maana mpya shimoni, na ni maneno mazuri kuliko mengi tuliyoyaunda sisi mezani. Frederick Johnson alipofasiri riwaya ya Haggard mwaka 1929 aliita machimbo ya almasi mashimo, na kichwa cha Mashimo ya Mfalme Sulaimani chajulikana hadi leo. Miaka kumi na mmoja baadaye Williamson aliipata almasi ya Mwadui, si mbali na mji wa Shinyanga, na watu wa huko wakasema mgodi.

Hata hivyo mchimbaji, awe mdogo au mkubwa, hafai kuwa jina la jamii. Geita ilianza kuchimbwa dhahabu kwa mgodi mkubwa tangu mwaka 1936 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Katika miaka yote hiyo, ndani na nje ya uzio, wamekutana Wasukuma, Wazinza, Waha, Wahaya, Wakurya na wengine wasio na idadi. Duara halina kabila. Uchimbaji ni kazi ambayo mtu huiingia kwa hiari au kwa njaa, na aweza kuiacha. Tukisema jamii fulani ni wachimbaji, tumesema kwamba wamezaliwa shimoni na watafia humo.

Twapendekeza Mwanamwamba, Wanamwamba. Kitabu cha 2024 chaeleza kwamba watu hawa waliinuliwa kutoka ardhini zamani na mungu wa uhunzi, na kwamba wakigusa jiwe huhisi mtikisiko wa kitu kinachotembea mbali. Mwamba ndio asili yao na ndiyo hisi yao. Muundo wa neno twaujua tayari kutoka mwananchi na mwanajeshi. Kwa muundo huohuo jamii ya damu ya joka iwe Wanajoka, badala ya watoto wa joka kama alivyoandika mwalimu, kwani mhusika mwenye umri wa miaka arobaini haitwi mtoto. Wapo watakaosema joka ni jina la shetani katika Ufunuo. Ni kweli, lakini Usukumani wako Bayeye, chama cha wacheza ngoma na nyoka, ambao humshika chatu mbele ya umati kwa ufundi wa kujifunza. Nyoka huko ana maana zaidi ya moja.

Majina ya kukopa hayatuchukulii muda mrefu. Wenye masikio ya ncha mwalimu amewaita elfu, na hapo lugha yenyewe imemcheka: elfu tatu ni fedha, elfu watatu ni wahusika. Tukiweka kiambishi na kubadili irabu ya mwisho twapata Mwelfi, Waelfi, na tatizo limekwisha. Waasimari na Wagoliathi wabaki hivyo. Wakristo wamjua Goliathi na Waislamu wamjua Jaluti, ila katika mchezo jina hilo ni la jamii nzima na wala si la adui wa Daudi peke yake. Wale wadogo wapendao nyumba na chakula, ambao toleo la kwanza la 1974 liliwaita kwa jina lililotoka katika riwaya za Tolkien kisha likalazimika kuliacha, mwalimu amewaita nusu-mtu. Ni tafsiri ya neno kwa neno na ni mbaya kwa kila njia. Mhalfi, Wahalfi: neno lisilo na maana katika Kiswahili, na safari hii kutokuwa na maana ndiyo sifa yake.

Kwa Waorki mwalimu ameandika zimwi. Hapa tungependa kukaa kidogo, maana kosa lake lina mantiki. Zimwi letu ni kubwa, lina nguvu, lala watu. Usukumani analo mwenzake, Shing'weng'we, ambaye katika ngano ijulikanayo sana alimeza watu wote na mifugo yote, akasalia mwanamke mmoja mwenye mimba aliyejificha. Mwanawe, Masala Kulangwa, alikua akamwua zimwi na kumpasua, na watu wote wakatoka hai. Lakini tazameni kazi ya Shing'weng'we katika ngano hiyo. Hana jina la baba, hana mke, hazungumzi na mtu juu ya jambo lolote isipokuwa kumeza. Yupo ili apasuliwe. Zimwi ni neno la kitu ambacho kukiua si dhambi, na katika toleo la 2024 Waorki ni miongoni mwa jamii kumi ambazo mchezaji aweza kuzichagua na kuzisemea kwa sauti yake mwenyewe. Neno lililotengenezwa kwa ajili ya kupasuliwa haliwezi kubeba mtu asemaye mimi. Tunasema Morki, Waorki, na zimwi libaki msituni kwa ajili ya mazimwi.

Msomaji ameona kwamba majina yetu yote tumeyaweka katika ngeli ya M-/WA-. Hatukufanya hivyo kwa kupenda ulinganifu. Kiswahili kimewaweka watu wengi katika ngeli nyingine kwa sababu ya miili yao: kipofu, kiziwi, kilema, kiwete, kibogoyo, kikongwe. Ni kweli kwamba upatanisho wa sarufi huwarudishia utu wao, kwani twasema kipofu huyu na si kipofu hiki. Ni kweli pia kwamba kiongozi, kijana na kinyozi wamo katika umbo hilohilo bila kutukanwa. Kiambishi chenyewe basi si mkosaji. Hata hivyo, si kwa bahati tu kwamba mtu asiyeona na mtu mwenye ulemavu ni majina yaliyoanza na mtu, na kwamba Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yaanza hivyo tangu kichwa chake. Kwa sababu hiyo twamshauri pia mfasiri asitumie mtu kwa maana ya jamii ya kwanza. Jamii hiyo iitwe binadamu. Mtu libaki la wote kumi, Mwelfi ni mtu, Morki ni mtu, ama sivyo kila sentensi ya kitabu itakuwa na watu upande mmoja na visivyo watu upande wa pili.

Kikongwe latupeleka kwenye jamii yenye damu ya kuzimu, ambayo mwalimu, kwa kutafuta neno la nyumbani, ameiita wanga. Watu hawa katika mchezo wana pembe, wana mkia, na toleo la 2014 lasema macho yao ni ya rangi moja isiyo na mboni, mara nyeusi, mara nyekundu, mara ya dhahabu. Hawakutenda kosa. Walizaliwa hivyo kwa sababu ya jambo lililofanywa na wazee wao wa kale, na hadithi yao yote ni ya mtu anayehukumiwa kwa sura yake. Sasa aliye Shinyanga analijua jambo hili bila mchezo. Kwa miaka mingi wanawake wazee wa mikoa hii wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi uliotolewa dhidi yao mara nyingi ulikuwa macho mekundu. Macho yale yalitiwa wekundu na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, katika nchi ambayo miti ilikwisha. Mwanga kwa Kiswahili ni mtenda maovu ya usiku, na neno lenyewe limekwisha kutoa hukumu kabla ya mtu kufungua mdomo. Mtiflingi, Watiflingi. Jina ni geni na gumu kidogo kutamka, nasi twaliona gumu hilo ni nafuu.

Ngano ya Masala Kulangwa ina kipande ambacho wasimulizi wa haraka hukiruka. Alipokuwa akimpasua zimwi, kisu chake kilimkata sikio ajuza mmoja aliyekuwa ndani. Ajuza alikasirika, akamtukana, akataka kumroga. Katika masimulizi tuyajuayo ajuza huyo hakuuawa. Mama yake kijana alitafuta dawa, akamponya sikio.

Tumefika kwenye swali la mwalimu. Kitabu huruhusu wachezaji kubuni jamii zao mpya, na wanafunzi wake wamebuni moja. Wameiita zeruzeru. Wameiandikia kwamba ina nyongeza ya bahati, na kwamba ikiwamo katika kundi, kundi hupata dhahabu upesi. Mwalimu amekataa. Wanafunzi wamemjibu kwamba huu ni mchezo tu, na zaidi ya hayo hawakumpunguzia mtu huyo chochote, wamemwongezea. Mwalimu anatuuliza awaambie nini.

Jibu letu lina sehemu mbili, na ya kwanza ni ya istilahi. Neno zeruzeru limeachwa katika lugha ya serikali na ya vyombo vya habari, na mahali pake pana mtu mwenye ualbino. Limeachwa kwa sababu lilikuwa likitembea na imani kwamba mtu huyo hafi ila hutoweka, kwamba ni kivuli, si mtu kamili. Watu wa Kanda ya Ziwa wanajua pia jina jingine, baya zaidi, ambalo vijana waliwapigia watu hawa kelele barabarani: dili. Ni neno la biashara. Hatujawahi kuona katika kazi yetu neno moja likimgeuza mtu kuwa bidhaa kwa ukamilifu kama hilo, wala halikuhitaji tusi lolote kufanya hivyo.

Sehemu ya pili ni ya ile nyongeza. Tangu miaka ya 2006 na 2007 watu wenye ualbino waliwindwa, wakakatwa viungo na kuuawa, hasa katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na ile ambayo tangu mwaka 2012 ni mkoa wa Geita. Mwezi Septemba 2009 Mahakama Kuu ikikaa Kahama iliwahukumu wanaume watatu adhabu ya kifo kwa kumwua mtoto wa miaka kumi na minne huko Bukombe, na hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake. Watoto wengine walikusanywa katika kituo cha Buhangija, mjini Shinyanga, ili walindwe. Na wauaji hawakusema kwamba watu hawa wana laana. Walisema wana bahati. Walisema viungo vyao huvuta samaki nyavuni na dhahabu duarani. Ile nyongeza waliyoiandika wanafunzi, neno kwa neno, ndiyo iliyotajwa na waganga wapiga ramli walipoagiza mauaji.

Basi hoja ya wanafunzi kwamba wameongeza na hawakupunguza ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, ingawa twaona kwa nini iliwapendeza. Katika mjadala wa wenye mchezo, makosa yaliyoonekana upesi yalikuwa ya kupunguza, kama ile mbili ya akili ya Waorki. Mwezi Agosti 2022 kampuni ilitoa jamii ya Wahadozi, walio kama nyani, ikaeleza kwamba mchawi mmoja aliwapa akili kwa dawa akiwa na nia ya kuwauza. Wachezaji wakaona humo historia ya utumwa wa Waafrika, na mwanzoni mwa Septemba kampuni ikaomba radhi na kuiondoa hadithi hiyo. Hilo nalo lilionekana kwa sababu lilikuwa tusi. Kosa la sifa ni gumu kuliona. Mtu aliyepewa bahati kitabuni haonekani kuwa ametukanwa, mpaka msomaji ajue bahati hiyo hutafutwaje.

Hatudhani wanafunzi hao ni wabaya. Walichukua kilichokuwa karibu nao, kama kila mbunifu afanyavyo, na baadhi yao yawezekana walikuwa hawajazaliwa mauaji yalipoanza. Tumemshauri mwalimu asiishie kukataza. Awaulize kama mchezaji mwenye ualbino akiketi kwenye meza hiyo, naye atachagua jamii ipi. Kama jibu ni Mwelfi au Mwanamwamba au yoyote aipendayo, basi ile jamii ya kumi na moja haina mtu wa kuicheza, ina watu wa kuitumia tu. Ngoma za Usukuma zina mfano ulio karibu nao zaidi kuliko vitabu vya Marekani. Bagika na Bagalu hushindana kila baada ya mavuno, na ushindani wao ni mkali, lakini upande hujiungwa. Mtoto hatazamwi ngozi ikasemwa huyu ni Mgika.

Twawakumbusha wafasiri kwamba sheria za msingi za mchezo huu zilitolewa mwezi Januari 2023 kwa leseni ya Creative Commons, hivyo tafsiri ya Kiswahili yaweza kuchapishwa kihalali alimradi chanzo kitajwe. Mtu atakayeifanya asianze na kamusi ya Kiingereza. Aanze na utaratibu tuliouzoea: Kiswahili chenyewe kwanza, kisha lugha za Kibantu, ambazo ndizo zilizotupa kitivo, ng'atuka na ikulu, na mwisho kukopa. Ila orodha hii imetuonyesha kwamba utaratibu huo, ambao tumekuwa tukiwafundisha wengine bila kuusaili, una mahali unapogeuka. Kila mwalimu alipochukua neno la nyumbani kwa ajili ya kiumbe wa kutisha au wa ajabu, alimgusa mtu aliye hai: mbilikimo, wanga, zeruzeru. Pale alipokopa neno tupu hakuna aliyeumia. Kwa vyombo na vitendo nyumbani ni bora. Kwa majina ya watu wa kubuni tunashuku kwamba kukopa ndiko kuwe kwanza, nasi tungependa kusikia kutoka kwa wenye rai tofauti.

Jamii moja imesalia, ile ya wadogo wenye hila na ufundi, waishio chini ya vilima. Mwalimu ameandika kibwengo, ambaye ni pepo, na tena ana ngeli tuliyokwisha kuijadili. Nomu twalijaribu lakini Mnomu halikupendeza sikioni mwa yeyote kati yetu. Msomaji aliye na jina atuletee. Kwa sasa tumemwandikia mwalimu aiache nafasi hiyo wazi, na wanafunzi wake wacheze na jamii tisa.